Nguruwe wa Kamukuywa hana hatia kubwa, tujitazame nyumbani

Mpwa wangu anasomesha Kamukuywa, ule mji wa soko ulioko kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, kaunti ya Bungoma. Juzi alinipigia simu kusema kiungulia kimemshinda, amepimwa damu katika kliniki moja huko na kuambiwa ana bakteria wa tumbo. Akapewa vidonge vya siku 5. Lakini kilichomkera zaidi ni maneno ya watu wa kwetu. "Mjomba, wanasema nimeambukizwa na nguruwe wa jirani."

Ni kweli. Habari ilipofika barazani hapa Mombasa, hukumu ilitoka kabla kahawa haijapoa: huko bara watu hufuga nguruwe na mbwa ndani ya boma, basi kijana ameyapata huko. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni hatari.

Chembe yenyewe ni hii. Bakteria wa tumbo ni ukoo mzima unaoitwa Helicobacter. Yuko Helicobacter suis, makao yake ni tumbo la nguruwe, na mara nyingine huonekana katika tumbo la binadamu. Mbwa na paka nao wana wa kwao, kama Helicobacter felis. Hapo baraza linanyamaza, maana paka ni mwenzetu. Lamu na Mji wa Kale analala mkekani na watoto. Kama ni kulaumu wanyama, tungeanza na huyu anayengoja kichwa cha samaki mlangoni, sio nguruwe wa watu wa Bungoma. Kwa bahati nzuri, wote hao huonekana kwa wachache sana miongoni mwa wagonjwa wanaochunguzwa tumbo.

Anayetusumbua hasa ni Helicobacter pylori, na huyo ni wetu sisi wanadamu. Wataalamu waliochunguza vinasaba vyake walichapisha mwaka 2007 kwamba alitoka Afrika pamoja na watu wa kale, yapata miaka 58,000 iliyopita. Inakisiwa nusu ya watu duniani wanaye. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 2010 ulimkuta kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa watu wazima, na kwa watoto ilikuwa karibu 7 katika kila 10. Isitoshe, simba na duma wana bakteria wao aliye jamaa wa karibu wa huyu, na vinasaba vinaonyesha kwamba wao ndio waliompata kutoka kwa binadamu. Bila shaka kuna simba aliyekula mtu. Kwa hiyo kesi ya wanyama dhidi yetu ina mashahidi wengi kuliko kesi yetu dhidi yao.

Wengi humpata utotoni, ndani ya nyumba. Njia zake ni mate, matapishi na uchafu wa choo unaoingia katika maji au chakula. Mama anayetafuna wali kisha akamlisha mtoto, mikono isiyooshwa kwa sabuni, nyumba moja ya watu kumi wenye choo kimoja na kisima karibu yake. Hayo yako Kamukuywa, na yako Kisauni na Likoni pia. Kijana wetu huenda alipanda basi la Kitale akiwa naye tumboni tangu ana miaka mitatu.

Bado wapo wanaosema vidonda vya tumbo huletwa na pilipili na mawazo. Hata madaktari waliamini hivyo mpaka miaka ya 1980, walipokuja Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia. Marshall alipoona hasadikiwi, mwaka 1984 alikunywa bakteria hao mwenyewe. Siku chache baadaye akawa anatapika, na tumbo lake likaonekana limevimba ndani. Walipewa Tuzo ya Nobel 2005. Kabla ya hapo, 1994, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikwishamwandika bakteria huyu miongoni mwa visababishi vya saratani. Wengi wenye naye hawaugui kamwe, lakini kwa wengine huzua vidonda, na kwa wachache saratani ya tumbo.

Narudi kwa vile vidonge vya siku 5, maana hapo ndipo penye kesi yenyewe. Matibabu yanayopendekezwa sasa ni ya siku 14: dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, pamoja na antibiotiki mbili au zaidi. Kipimo chake nacho kilikuwa dhaifu. Kile cha damu hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki miezi na miaka hata bakteria akishakufa. Watu wanatibiwa, wanarudi kupimwa damu, wanaambiwa "bado yupo," wananunua dozi nyingine. Kipimo cha kinyesi ndicho kinachoonyesha kama yupo hivi sasa, nacho hakihitaji kumeza kamera. Baada ya dozi hungojwa angalau wiki 4 ndipo kirudiwe, na omeprazoli huachwa wiki 2 kabla.

Dozi nusunusu zinaua dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtaja H. pylori aliyekuwa sugu kwa klarithromaisini katika orodha ya vijidudu vinavyohitaji dawa mpya haraka. Jamaa zake klarithromaisini, azithromaisini na erithromaisini, twazinunua dukani kwa kikohozi kama peremende. Jamaa mwingine, tailosini, anauzwa kwenye agroveti kwa kuku na nguruwe. Daktari wa watu na daktari wa mifugo wanachota kisima kimoja, na kinakauka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwakilishi wadi wako, awe wa Kamukuywa au wa Mtongwe, ni kama zahanati yenu ina kipimo cha kinyesi na dozi kamili. NHIF imekwenda, SHA ilianza Oktoba 2024, tunakatwa kila mwezi. Tuulize.

Na kwa wenzangu wenye kiungulia: ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini nazo huchimba tumbo, usizimeze ovyo. Kuhusu Ramadhani, mchanganyiko mmoja wa dawa hizi hunywewa mara mbili kwa siku, hivyo huweza kupangwa kwa futari na daku. Mwingine ni mara nne, huo hauwezekani mchana wa saumu. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Muone daktari kabla Shaabani haijaisha.