Kisu cha babu si silaha, turudishieni kisanduku chetu

Wapendwa wenzetu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma hapa, leo tunasema wazi. Kisanduku chetu cha visu vya zamani vya kukunja kimefungiwa ofisini wiki ya tatu sasa, eti "vijana wakimbizi wanakusanya silaha". Hilo neno tunalikataa.

Silaha gani? Familia nyingi hapa zimepewa kisu cha jikoni ndani ya seti ya vyombo, na panga la shambani. Hakuna aliyeandikiwa ripoti. Lakini kisu cha mfukoni chenye kutu, kisichokata hata ugali, kikishikwa na kijana wa miaka 19 tayari ni tatizo la usalama. Mzee wa Ufaransa akikusanya Opinel za zamani mnamwita mpenzi wa vitu vya kale. Sisi mnatuita nini?

Chukueni Okapi, ndivyo vingi kwenye kisanduku. Okapi ni mnyama wetu, wa misitu ya Kongo kule Ituri, porini hapatikani nchi nyingine. Wanasayansi wa Ulaya walimwandika 1901, na mwaka 1902 Wajerumani wakaanza kutengeneza visu vyenye jina lake, vya kuuzwa kwenye makoloni ya Afrika. Wazee wetu wakavinunua, wakachunia mbuzi, wakamenyea miwa. Mwaka 1988 jina na mitambo vikauzwa Afrika Kusini. Kwa hiyo ukikuta Okapi yenye muhuri wa Germany, jua umeshika kitu cha siku nyingi. Na wengine wetu hatuna kitu kingine chochote cha babu, nyumba na picha vyote vilibaki huko.

Kazi yenyewe haina haraka. Mafuta ya taa kwenye kiungo usiku mzima, halafu mswaki wa zamani. Siki kwa kutu nzito, lakini ukiisahau inakula chuma. Msasa mwembamba wenye maji, mbali na muhuri, maana muhuri ukifutika thamani imekwenda. Mashine ya kunolea hatugusi: bapa likipata moto mpaka ligeuke bluu, ugumu umeisha, hakitashika makali tena. Mwisho ni jiwe, mkanda wa ngozi, na tone la mafuta. Haya tumejifunza bila warsha wala soda ya warsha. Sasa tuambieni, kijana aliyekaa siku nne juu ya kutu ya kisu kimoja, vita alipanga saa ngapi?

Ndiyo, Okapi ina jina baya. Afrika Kusini na Jamaika watu wamechomana nayo, hatufichi. Na hapa kambini ugomvi upo, wapo hata vijana wenzetu wanaotembea na visu usiku, na hao tunawaambia usoni: mnatuharibia. Lakini dawa yake ni utaratibu, na utaratibu tulikuwa nao. Kila kisu kina namba. Daftari lina jina la mwenye kisu. Ufunguo alikaa nao mama mmoja wa bloku yetu ambaye hata sisi tunamuogopa, na kila jioni alihesabu. Daftari mlilibeba pamoja na kisanduku, si mlifungue basi mlisome!

Pesa hatuombi. Tunaomba meza moja, saa mbili kwa wiki, na mtu wenu akae nasi aone kwa macho yake. Akitaka, tutamfundisha kunoa.

Na kama mwenye ufunguo wa ofisi bado anasubiri ruhusa kutoka juu, sawa, asubiri, ila angalau avipake mafuta. Mvua zimeanza, na chuma hiki cha zamani kinashika kutu upesi.