Waya Watua Kwetu, Mtandao Watukatikia

Jamani, mimi si fundi, lakini hili lanishinda. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa, intaneti ya kasi ikapanda bara ikitokea kwetu. Lakini Agosti 2025, Harambee Stars ikitolewa na Madagascar kwa penalti robo fainali ya CHAN, mimi niko barazani natazama kiduara kikizunguka kwenye simu. Bando nimelipia, penalti nikasimuliwa na jirani. Kuipigia kampuni, naambiwa nisubiri. Nikasubiri mpaka chaji ikaisha.

Uwanjani nako ni mbali: mechi zote za Kenya zilichezwa Nairobi. Mombasa haikupata hata moja.

Mpira utapita. Kinachonitia hofu ni siasa. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wakiandamana kupinga Mswada wa Fedha, mtandao ulizorota. Serikali ilikuwa imesema haitaufunga. Lawama zikaenda kwa nyaya za baharini. Huenda ni kweli, kwani mwezi uliotangulia EASSy na SEACOM zilikatika. Lakini mwananchi atajuaje?

Uchaguzi ni Agosti 2027. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari. Basi kila mtandao ukianguka, kampuni na Mamlaka ya Mawasiliano watueleze wazi: waya gani, saa ngapi, kwa nini. Na wanaokuja kuomba kura tuwaulize hilo. Matokeo ya kura si ya kusimuliwa na jirani.