Mwandishi wa Habari na Ubeti wa Mtandaoni

Wapo wanaoamini kwamba mitandao ya kijamii ni jambo geni kabisa kwetu, na kwamba waandishi wetu wa habari hawana budi kujifunza matumizi yake yote kutoka ughaibuni. Mimi nalikataa hilo, na hoja yangu naianzia Ihumwa, mashariki ya jiji la Dodoma, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Huko ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, mshairi ambaye jina lake halitengani na ngonjera. Washairi wa kizazi chake walitunga wakijua kwamba shairi likichapwa gazetini, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, litajibiwa. Swali liliulizwa kutoka mji mmoja, likajibiwa kutoka mwingine, wa tatu akaingilia kati kutoka pwani, na mhariri akawa msuluhishi. Kila mmoja aliweka jina lake au lakabu iliyojulikana. Ule ulikuwa mtandao wa kijamii, ndugu wasomaji, ila ulikwenda kwa mwendo wa posta.

Dodoma ya leo nayo ni shule kubwa ya uandishi wa mtandaoni. Januari 2016, Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, alilieleza Bunge kwamba TBC ingeacha kurusha mijadala yake moja kwa moja. Gharama ndizo zilizotajwa kuwa sababu, na wananchi wakaahidiwa muhtasari wa usiku. Tangu hapo maneno machache yaliyoandikwa na mwandishi aliyeketi Bungeni yakawa na uzito ambao hayakuwa nao awali, kwa kuwa mkulima wa Kongwa hakuwa tena na njia rahisi ya kulinganisha kilichoandikwa na kilichosemwa. Wengi waliubeba mzigo huo vizuri. Hata hivyo, pembeni pakakua tabia nyingine: kipande cha video cha sekunde arobaini, na juu yake maneno “Mbunge achafua hali ya hewa” au “Utashangaa alichojibiwa”. Ukikitazama hadi mwisho hujui muswada gani ulikuwa ukijadiliwa. Hushangai hata hicho ulichoahidiwa kushangaa.

Sasa tuhesabu mizani kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2017 Twitter, ambayo siku hizi ni X, iliongeza ukomo wa herufi kutoka 140 hadi 280. Ubeti wa tarbia wenye mishororo minne, kila mmoja mizani 16, una mizani 64. Ukiuandika pamoja na nafasi na alama zake, kwa kawaida hauvuki herufi 200. Ukomo wa zamani ulikuwa ukiubana. Huu wa sasa unautosha, na nafasi hubaki. Na sifa ya kwanza ya ubeti ni kujitosheleza. Hata ukiung’oa katika utenzi mrefu, bado una wazo lililokamilika.

Mwandishi anayefuatilia kikao cha bajeti kwa machapisho ishirini mfululizo anapaswa kuandika hivyo hivyo, kwa sababu msomaji hataliona la kwanza. Mtandao utamletea la saba, saa sita baadaye, likiwa peke yake. Chapisho lisemalo “Ameongeza kuwa fedha hizo hazitoshi” ni mshororo uliopotelewa na wenzake. Nani ameongeza? Fedha zipi? Jina la msemaji, jambo lenyewe na mahali lilikosemwa havichukui hata nusu ya nafasi iliyopo.

Liko pia suala la sarufi, na hapa naomba subira ya wasomaji. Lugha yetu imejaliwa ukanushi wenye ngazi. “Hajakubali” si sawa na “hakukubali”, na “hakukubali” si sawa na “amekataa”. Waziri anaposema Serikali haijatenga fedha za barabara fulani, ile “-ja-” inabeba uwezekano wa kesho. Kichwa cha habari kikiandika “Serikali yagoma kujenga barabara”, uwezekano huo umeuawa, na ugomvi umezaliwa ambao Bungeni haukuwapo. Vivyo hivyo neno “adaiwa”. Ni fupi, lakini ndilo linalomtenganisha mshukiwa na mwizi. Anayeliacha ili kupunguza maneno amemhukumu mtu kabla ya hakimu. Wengi huitaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 pindi wanapozungumzia uangalifu. Sheria hiyo imetia hofu hata waaminifu, na hofu haizai habari bora. Sarufi ingewalinda mapema zaidi.

Tusisahau WhatsApp. Katika vijiji vya Bahi, Mpwapwa au Kondoa, habari mara nyingi haifiki kwa kiungo cha gazeti. Inafika kupitia kundi la wanakijiji au la wanakwaya, ikiwa imekwisha kupokonywa jina la mwandishi, tarehe na chanzo. Ndiyo maana tahadhari ya mvua ya mwaka juzi hurudi kila masika ikiwa na sura mpya. Dawa yake si ghali: tarehe, mahali na jina la chombo viandikwe ndani ya picha yenyewe, si pembeni yake. Na kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo mwenye bando la kuhesabu, sauti ya dakika moja, iliyosomwa taratibu kwa Kiswahili cha watu, itamfaa kuliko video ya dakika kumi inayoanza kwa muziki.

Kasi nayo nisiilaumu pasipo haki. Dodoma iko katika ukanda wa Bonde la Ufa, na ardhi yetu hutikisika mara kwa mara. Mwandishi anayeandika mara moja, “Tumehisi mtikisiko Area C saa tatu usiku, bado hatujapata taarifa za madhara”, ametoa habari kamili, maana amesema anachokijua na asichokijua. Ukimya una gharama yake. Machi 2021, Rais Magufuli akiwa hajaonekana hadharani tangu mwishoni mwa Februari, vyombo vingi vya ndani vilinyamaza, na uvumi ukatawala hadi kifo chake kilipotangazwa tarehe 17. Mwandishi angeweza angalau kuandika lini kiongozi alionekana mara ya mwisho na nani ameulizwa bila kujibu. Na anapokosea, asifute usiku kimya kimya. Katika malumbano ya gazetini aliyesahihishwa alisahihishwa mbele ya kadamnasi, na wasomaji waliendelea kumsoma.

Kuhusu lugha ya kuchapisha, msimamo wangu ni mkali kidogo. Bunge hujadili kwa Kiswahili, kisha baadhi ya waandishi wakakimbilia kuliripoti kwa Kiingereza ili waonekane na mabalozi. Mwaka 2018 watumiaji wa Kiswahili walipaza sauti hadi Twitter ikaacha kukichukulia kuwa Kiindonesia. Haki hiyo ilidaiwa na watu wa kawaida, na mwanahabari ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuitumia. Tafsiri ifuate baadaye, kwa anayeihitaji.

Limebaki moja, la uhifadhi. Mei 2025 X ilifungwa nchini, na mwandishi aliyekuwa na wasomaji wake wote mahali hapo alianza kuwatafuta upya. Mnyampala aliyakusanya mashairi yake, na Diwani ya Mnyampala ikachapishwa mwaka 1963. Ndiyo sababu tunaweza kubishana naye hata leo. Mwandishi aliyeripoti Bunge mtandaoni kwa miaka kumi ana diwani yake pia, ila imetawanyika katika akaunti ambazo si mali yake. Ningependa kuiona imepakuliwa, imepangwa kwa tarehe, na nakala moja imepelekwa maktaba ya hapa Dodoma.