Mto Sebeya: vikundi vya Nyundo vifanye nini ili visikike?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika na kuingia katika nyumba za watu hapa Nyundo na sehemu nyingine za Rubavu. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Msaada wa dharura huja na kuisha. Linalobaki ni kujua nani anaamua mlima gani upandwe miti na ukingo gani ujengwe, na kikundi chenu kitaingilia wapi.

Wahini mapema. Kila wilaya husaini imihigo, yaani mikataba ya utendaji iliyoanza mwaka 2006. Kilichoandikwa humo hupimwa. Kisichoandikwa hubaki ombi tu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo barua ya mwezi Juni imechelewa. Lisemeni jambo lenu kwenye mkutano wa wananchi wa kijiji miezi mingi kabla, na mhakikishe limeandikwa.

Tumieni JADF. Jukwaa hili la wilaya huwakutanisha viongozi, mashirika yasiyo ya kiserikali, dini na wafanyabiashara. Kikundi kidogo kinaweza kuliomba shirika mwanachama lilete hoja yake. Nendeni na ushahidi: nyumba ngapi ziliingiwa na maji, maji yalifika wapi, njia ipi ilikatika. Sheria ya mwaka 2013 inawapa haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi za umma.

Ungeni mkono na walio juu ya mto. Bonde la Sebeya linagusa pia Rutsiro, Ngororero na Nyabihu. Meya wa Rubavu hawezi kusaini imihigo ya Rutsiro. Nyundo ikijenga ukingo huku milima ya juu ikibaki wazi, udongo utaendelea kushuka. Vikundi vya wilaya hizi vikipeleka ombi moja, kila kimoja kwa wilaya yake, vitasaidiana.

Wakimbizi na wenyeji, semeni pamoja. Wewe uliye katika kituo cha mpito cha Nkamira huenda utahamishwa, lakini ukiwa hapa mvua ni ile ile. Wizara ya MINEMA ndiyo inayoshughulikia majanga na wakimbizi pia. Pitisha hoja kwa kamati ya wakimbizi, kisha kamati izungumze na vikundi vya wenyeji. Ombi la pande mbili ni vigumu kulichukulia kama ugomvi wa wageni na wenyeji.

Kujisajili kunasaidia: ushirika huenda RCA, shirika huenda RGB. Lakini msisubiri cheti ndipo mzungumze kijijini.

Si kila ombi litakubaliwa, maana fedha hazitoshi. Likikataliwa, ulizeni sababu, iandikeni, na mrudi nayo msimu ujao wa mipango. Mto hausubiri bajeti, lakini ukingo hujengwa kwa bajeti.