Sugu ya Mguu Haitibiwi kwa Wembe

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unashuka hadi nyayoni. Katika nyumba za kambini na za vituo vya polisi, hakuna kiungo kinachofanya kazi kubwa na kushukuriwa kidogo kama mguu. Mguu mmoja una mifupa 26, nayo hubeba uzito wa mwili, wa bunduki, wa mzigo wa safari na wa mtoto wa mgongoni. Mguu hupiga gwaride, hushinda njia panda ukiongoza magari, hukesha langoni zamu ya usiku. Urudipo nyumbani hupewa malipo gani? Mara nyingi hupewa wembe.

Mama mmoja, mke wa askari, ameniuliza kama ni vema kumkata mumewe sugu za nyayo kwa wembe kila mwisho wa mwezi, kama wazee walivyozoea kufanya. Jibu langu ni hapana, na yafaa nieleze sababu.

Ngozi ya viganja na nyayo ndiyo nene kuliko ngozi yote ya mwili. Mahali panaposuguliwa au kugandamizwa kila siku, ngozi hujikinga: tabaka lake la juu huongezeka, hukauka na kurundikana hata pakawa na ngao ngumu. Msuguano ukija ghafula na kwa nguvu, kabla ngozi haijajitayarisha, hutoka lengelenge. Ukija polepole, siku baada ya siku, huota sugu. Ndiyo maana kuruta wa juma la kwanza huchechemea kwa malengelenge, na sajini wa siku nyingi ana kisigino kigumu kama gome la mti. Vivyo hivyo mama ashikaye jembe na mchi huota sugu viganjani, chini ya vidole.

Basi sugu ni ngao iliyojengwa na mwili wenyewe. Ukiikata bila kuondoa msuguano ulioileta, mwili utajenga nyingine. Tena wembe haujui ngozi iliyokufa inaishia wapi na iliyo hai inaanzia wapi. Mkono ukiteleza kidogo, damu hutoka. Na jeraha la wayo hufungiwa ndani ya buti lenye jasho, au hukanyaga udongo wenye vijidudu vya pepopunda. Ikiwa wembe huo huo utapita kwa baba, kisha kwa kaka, kisha kwa jirani, waweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B. Gharama hiyo ni kubwa mno kwa kitu kinachoweza kuondolewa na maji ya vuguvugu.

Tiba ya nyumbani ni hii. Chukua beseni la maji ya vuguvugu na sabuni, uloweke miguu kwa dakika kumi hivi. Lowesha pia jiwe la kusugulia miguu, kisha usugue juu ya sugu taratibu, bila kukazana. Usitafute kuimaliza siku moja. Punguza kidogo, ukaache kabla ya kufika kwenye wekundu au maumivu. Suuza, ukaushe vizuri hasa katikati ya vidole, halafu upake mafuta kwenye sugu na visigino. Mafuta ya mgando yanafaa. Na kwetu Uganda wako wenye mafuta ya mti wa yaa, yale ambayo watu wa Acholi na Lango huyaita moo yaa, ambayo hulainisha ngozi kavu. Katikati ya vidole usipake, maana unyevu wa hapo hukaribisha fangasi. Fanya hivyo kwa majuma kadhaa, na kila mtu awe na jiwe lake. Visigino vyenye magaga navyo hutunzwa hivyo hivyo, lakini ufa utoao damu usisuguliwe hata upone.

Hata hivyo, kulowesha na kusugua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumtafuta mchokozi, naye mara nyingi ni kiatu. Kiatu kinachobana husugua vidole. Kinachopwaya huufanya mguu utembee ndani yake na kuchubua kisigino. Unapopewa buti, lijaribu ukiwa umevaa soksi utakazozitumia, usimame, utembee. Mbele ya kidole kirefu kibaki kiasi cha upana wa kidole gumba. Ununuapo kiatu, nenda jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Viatu vya mtumba, kama vile vya soko la Owino pale Kampala, vichunguzwe ndani kwa mkono: huenda soli imekwisha kufuata umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Buti jipya livaliwe saa chache kila siku kabla ya safari ndefu. Soksi zilizolowa jasho zibadilishwe, na kucha zikatwe moja kwa moja bila kuchimba pembeni.

Kwa upande wa mikono, mpini wa jembe ulainishwe kwa msasa ili usiwe na vibanzi, nao uwe wa unene unaotosha kiganja. Mwenye glavu azivae. Anayepiga deki kwa magoti aweke kitambaa kilichokunjwa chini yake.

Si kila kigumu ni sugu. Chunjua huletwa na virusi, nayo huambukiza; mistari ya ngozi hukatika inapofika juu yake, na mara nyingi huonekana vidoa vyeusi ndani yake. Juu ya sugu mistari ya ngozi kwa kawaida huendelea. Iko pia sugu ndogo ya vidoleni yenye kiini kigumu katikati, ambayo huuma kama kokoto iliyo ndani ya kiatu. Hiyo isichokolewe kwa sindano wala pini. Dawa za madukani zenye asidi ya salisiliki hulainisha sugu, lakini zikigusa ngozi nzima huiunguza. Zitumiwe kwa maelekezo ya mfamasia.

Sasa nawaomba wenye wazee nyumbani wanisikilize kwa makini. Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari anaweza kupoteza hisia za miguu. Hukanyaga msumari asijue. Hukatwa na wembe asishtuke. Kwake sugu yenyewe ni hatari, kwa sababu hugandamiza nyama iliyo chini yake hata pakawa na kidonda kilichojificha. Ukiona doa jeusi au la damu ndani ya sugu, maji maji, harufu, uvimbe au joto, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kidonda cha namna hiyo kikipuuzwa huweza kuishia katika kukatwa mguu. Mgonjwa wa kisukari, au yeyote mwenye ganzi miguuni, asikatwe sugu nyumbani, asitumie dawa ya asidi wala asijisugue kwa jiwe bila ushauri wa mganga. Na maji ya kumwosha yapimwe joto na mtu mwingine mwenye hisia kamili.

Wako askari waonao haya kwenda kwa daktari kwa ajili ya mguu, wakidhani wataitwa wavivu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Askari asiyeweza kutembea hawezi kulinda mtu, na baba asiyeweza kusimama ni mzigo mzito kwa watoto wake.

Leo jioni, kabla ya kulala, kila mzazi aitazame miguu yake na ya wazee wa nyumba, juu na chini, penye mwanga. Wembe na ubaki katika kazi yake ya kunyoa ndevu.