Chakula cha Masisi na Walikale kihesabiwe kabla hakijaoza

Goma hula kwa jasho la Masisi. Maharage, viazi, maziwa na jibini vinavyojaza masoko ya mji huo hushuka, kwa sehemu kubwa, kutoka milima ya wilaya hiyo. Jirani yake Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, ina mihogo, ndizi, mpunga na mawese. Lakini wananchi hawajawekewa wazi hesabu ya kiasi kinachoharibika kati ya shamba na soko katika wilaya hizi mbili. Huo ni uzembe wa uongozi, na hauna jina jingine.

Nchi tajiri hutupa chakula jikoni na mezani. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, nyumba, migahawa na maduka ya dunia yalitupa zaidi ya tani bilioni 1 mwaka 2022. Huko Masisi na Walikale, chakula hufia njiani. Muhogo mbichi ukishang'olewa, baada ya siku 2 au 3 huanza kuonyesha mistari myeusi ndani, na mnunuzi haugusi tena. Maziwa ya alfajiri hufungwa katika bidoni nyuma ya pikipiki. Yakikwama kwenye tope hadi jua la mchana, hufika yamechacha. Maharage yaliyowekwa ghalani bila kukaushwa vizuri hutobolewa na fukusi, na gunia likifunguliwa baada ya miezi michache humwaga vumbi na punje zenye matundu. Kila hasara kati ya hizo inajulikana hutokea wapi na lini. Kwa hiyo inapimika.

Wanaohesabu wapo. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walitoa ripoti iliyoorodhesha vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Penye vizuizi vya aina hiyo, mzigo wa mkulima hutozwa kabla ya kupita, hata ule unaobebwa mgongoni. Mlinda kizuizi anajua ni magunia mangapi yamepita leo. Mkaguzi wa kilimo hajui ni mangapi yameoza. Mamlaka inayojua kutoza kila gunia na isiyojua kuokoa hata moja imekwenda kinyume cha kazi yake.

Gharama yake hulipwa na wenye njaa. Mwanzoni mwa 2025, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitangaza kuwa takriban watu milioni 28 nchini Kongo walikabiliwa na njaa kali. Kivu Kaskazini ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia zaidi. Gunia linalooza Nyabiondo, huko Masisi, humfukarisha aliyelima na humpandishia bei anayenunua Goma. Mkulima asiye na hakika ya kufikisha mavuno sokoni hulima kidogo zaidi msimu unaofuata.

Vita vitatajwa kuwa udhuru. Ni kweli kwamba Januari 2025 Goma ilitwaliwa na waasi wa M23, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Machi mwaka huohuo waasi hao waliingia mji wa Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Wakulima wengi walikimbia na kuacha mazao shambani. Lakini barabara ya Masisi hadi Walikale ilikuwa haipitiki kwa malori miaka mingi kabla ya hapo. Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa ahadi ya kurejesha usalama, na njia za mazao hazikufunguka. Vita vimeongeza hasara. Havikuzuia mizani kupelekwa sokoni.

Ahadi nazo hazikukosekana. Mwaka 2014 viongozi wa Afrika waliahidi huko Malabo kupunguza kwa nusu upotevu wa mazao baada ya mavuno ifikapo 2025. Januari 2025 walikutana Kampala na kuahidi nusu hiyohiyo kwa mwaka 2035. Mwezi huohuo Goma ilianguka. Ahadi isiyo na kipimo husogezwa mbele miaka 10 bila yeyote kuulizwa.

Wananchi wamefanya sehemu yao. Wafugaji wa Masisi hugeuza maziwa kuwa jibini linaloweza kusafiri na kukaa. Wakulima hukausha muhogo ili udumu. Kinachokosekana ni kazi ya wenye mamlaka.

Ukaguzi wa kilimo wa jimbo na wa wilaya upime upotevu wa mazao 4, yaani maharage, viazi, muhogo na maziwa, katika hatua 4: shambani, ghalani, njiani na sokoni. Matokeo yatangazwe kila mwisho wa misimu miwili ya kilimo, A na B. Mfuko wa matunzo ya barabara uonyeshe hadharani fedha ulizotumia kwenye njia ya Sake, Masisi na Walikale. Mashirika ya misaada yanunue mavuno ya hapa kwanza na kuwafikishia wakulima mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huua fukusi bila dawa. Na kila anayeshika barabara, awe jeshi la serikali, M23 au wanamgambo wa Wazalendo wanaopigana na M23, aache chakula kipite bila kutozwa. Anayetawala njia anawajibika kwa kilichooza juu yake.

Muuza maharage wa Goma hupima kwa gigozi, kopo tupu la maziwa ya unga, na kopo lisipojaa, mteja hugoma kulipa. Wenye mamlaka wamewatoza watu hawa kwa miaka mingi bila kuwapimia chochote. Msimu ujao waje na hesabu.