Ujira wa Haki Ufilipino: Mwajiri ni Nani?

Mwezi Juni 2025, tumaini la wafanyakazi wa Ufilipino lilizimika Bungeni. Seneti ilikuwa imepitisha nyongeza ya peso 100 kwa siku mwaka 2024, na Baraza la Wawakilishi likapitisha peso 200 tarehe 4 Juni 2025. Mabaraza hayo hayakupatana, muhula wa Bunge ukaisha, na muswada ukafa. Wiki chache baadaye bodi ya mishahara ya Manila iliongeza peso 50, kima cha chini kikafikia peso 695 kwa siku.

Ndugu waamini, Ufilipino ndiyo nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko zote barani Asia. Huko, anayelipa na anayelipwa hupiga magoti mbele ya altare moja. Hivyo mgogoro huu unatuhusu kama familia moja ya Mungu.

Tangu sheria ya mwaka 1989, kima cha chini hupangwa na bodi za mikoa, zenye wawakilishi wa serikali, waajiri na wafanyakazi. Hoja ilikuwa kwamba gharama za maisha hutofautiana. Matokeo yake, wafanyakazi wa mikoani hulipwa pungufu ya wenzao wa Manila.

Jambo la pili ni mikataba mifupi. Sheria humpa mfanyakazi haki ya ajira ya kudumu baada ya miezi sita ya majaribio. Waajiri wengi humwachisha katika mwezi wa tano, kisha huajiri mwingine. Wengine huletwa kazini na mawakala. Rais Duterte aliahidi kukomesha desturi hii mwaka 2016, lakini Julai 2019 aliukataa muswada uliopitishwa na Bunge.

Hapo ndipo wajibu unapopotea. Mfanyakazi akidai haki yake, mwenye kiwanda humwelekeza kwa wakala, na wakala humrudisha kwa mwenye kiwanda. Tarehe 13 Mei 2015, moto uliteketeza kiwanda cha kandambili mjini Valenzuela, wakafa watu zaidi ya 70. Ilibainika kwamba wakala aliyewaleta wengi wa wafanyakazi hao hakuwa amesajiliwa.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana neno juu ya jambo hili. Katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, Papa Leo XIII alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayahalalishi ujira, kwa maana mwenye njaa hukubali lolote. Mtakatifu Yohane Paulo II alizungumza na wafanyakazi wa mashamba ya miwa huko Bacolod, Ufilipino, Februari 1981. Septemba mwaka huohuo, katika Laborem Exercens, alieleza kwamba pamoja na mwajiri anayetia saini mkataba, yuko pia mwajiri asiye wa moja kwa moja: dola, taasisi na wote wanaopanga mazingira ya kazi. Hao nao watatoa hesabu.

Wenye biashara ndogo husema nyongeza kubwa itawafungia milango. Hofu hiyo ni ya kweli, nayo sheria ya mwaka 2002 imekwisha kuwaondolea wadogo kabisa waliosajiliwa wajibu wa kima cha chini. Waliobaki wasaidiwe kwa kodi nafuu, na kwa bei ya haki kutoka kwa kampuni kubwa zinazonunua bidhaa zao. Si haki mzigo wote ubebwe na chungu cha mfanyakazi.

Mnamo Oktoba 1975, chini ya sheria za kijeshi, wafanyakazi wa kiwanda cha pombe cha La Tondeña, Manila, waligoma wakidai vibarua wapewe ajira ya kudumu. Mapadre na watawa walisimama pamoja nao. Nusu karne imepita, na dai ni lilelile.

Tuwaombee ndugu zetu hao. Lakini tujiulize pia: mlinzi wa parokia yetu aliyeletwa na kampuni, je, tunajua anapokea shilingi ngapi mwisho wa mwezi? Binti anayetulelea watoto, analipwa kwa wakati? Mtume Yakobo anatufundisha kwamba kilio cha walionyimwa ujira humfikia Bwana. Kikimfikia kutoka nyumbani kwetu, hatutaweza kumwonyesha wakala.